Moshi Chini ya Waya

Matinyani
8.5.1988

Evanson,

Nzilani amekufa. Amekufa Jumatano mchana kwa dispensari ya hapa. Tumemzika jana.

Salamu nimeziweka kando kwa sababu habari ni hiyo. Zingine ni za baadaye.

Ilikuwa kifua. Unajua hiyo kifua yake tangu mkiwa watoto huko Kilungu na ile baridi yenu ya asubuhi. Safari hii ilimshika Jumapili akitoka kanisa. Jumatatu hakuweza kulala chini, alikuwa analala ameketi. Jumanne nikamweka kwa mkokoteni wa punda nikampeleka. Jumatano basi.

Nilituma telegramu hiyo hiyo Jumatano. Nilienda Kitui kwa miguu, nikapata posta wanataka kufunga. Niliandika, Nzilani amekufa, njoo. Alhamisi tukakungoja. Ijumaa tukakungoja. Jumamosi wazee wakasema mwili haungoji, jua ni kali. Kaburi ilikuwa wazi tangu asubuhi na tulifunika saa tisa. Kila gari ikipita huko barabarani Syombua alikuwa anasimama kuangalia kama ni mjomba wake.

Mama yako alikuja. Unajua mimi na yeye hatusalimiani kwa mkono. Hatukai nyumba moja. Tangu nimwoe msichana wake, nikimwona njiani mimi naingia kichakani mpaka apite. Hivyo ndivyo tulilelewa. Sasa hapo kaburini miguu ilimkataa. Akaangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumshika. Huyo mtu ni wewe. Hukuwa. Akanishika mimi. Mkwe wake. Akanishika na mikono mbili na akalia kwa shati yangu. Kanisa yote iliona, wazee waliona, hakuna mtu alikataza.

Syombua yuko. Hajaenda shule wiki hii. Anapika. Ng'ombe yuko.

Niambie kwa nini hukuja.

Ni mimi,
Mutunga


Mombasa
11.6.1988

Kwa shemeji yangu Mutunga,

Nakusalimu sana kwa jina la Bwana, wewe na Syombua wetu, nikitumaini mnaamka na mnalala salama katika haya machozi. Hapa tuko wazima. Wariara mke wangu anakusalimu. Alipofunga ndoa na mimi watu wa kwetu walinung'unika kwamba nimeoa Mkikuyu, na ni Nzilani peke yake alimtumia kyondo cha mahindi na mbaazi kumkaribisha. Tangu habari ifike hajala vizuri. Mtoto naye yuko mzima, ile kukohoa yake imeisha kabisa, nitakueleza kwa nini.

Shemeji, telegramu yako ilifika, lakini ilifika imechelewa. Na siku hiyo kulikuwa na meli. Barua yako nayo ilikaa ofisini kwa sababu tumehama nyumba. Nimeisoma mara nyingi.

Dada yangu alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikagusa chini. Wewe unajua. Kwa hivyo usiniandikie kama mtu ambaye hana uchungu.

Na mimi nina swali. Mtu ana kifua kama ile, ameketi usiku kucha hawezi kulala, unampeleka dispensari ya Matinyani kufanya nini? Hospitali kubwa iko Kitui. Si mbali. Kwa nini hukumpeleka Kitui? Hilo swali nalala nalo, naamka nalo.

Hii kazi yangu sikuwa nimekueleza vizuri. Ile gati yetu ni ya kutengeneza meli, ni ya mtu binafsi. Meli inaweza kukaa mwezi, miwili. Zamani ilikuwa inawasha engine yake mchana na usiku ili ipate taa, pampu, jiko, kila kitu. Ule moshi wote unaingia kwa nyumba za wafanyikazi, ziko hapo nyuma ya ukuta. Nguo ukianika nyeupe unaanua nyeusi. Watoto wote kifua. Sasa mwaka huu wameweka sanduku la umeme, yaani stima, pale gatini. Meli ikifunga kamba, sisi tunavuta waya, nene kama mguu wa mtu mzima, tunaipandisha tukiwa watu sita, tunaichomeka, halafu meli inazima engine. Inatumia stima ya nchi kavu. Shemeji, siku ya kwanza engine ilipozimwa, wanawake walitoka nje kuuliza nini imeharibika. Hawakuwa wamezoea kimya.

Ndiyo maana mtoto wangu hakohoi.

Mimi ndiye mkubwa wa hiyo waya. Nikitoka hakuna mwingine anajua kuifunga. Nataka uelewe hivyo.

Dada yangu alisema nini mwisho? Niandikie.

Shemeji yako,
Evanson Mbuvi


Matinyani
26.6.1988

Evanson,

Salamu. Tuko. Syombua amerudi shule. Mama yako aliniletea ndizi na viazi vikuu kupitia kwa mwanamke wa Kilungu anauza sokoni Tulia. Hajawahi kunitumia kitu. Nilikula.

Umesema telegramu ilichelewa. Halafu umesema siku hiyo kulikuwa na meli. Chagua moja.

Umeuliza Kitui. Nikuambie Kitui. Jumanne nilifika dispensari na mkokoteni. Sista Muthoki, ndiye nesi, akaangalia kucha za Nzilani, zilikuwa za bluu. Akasema huyu anataka hewa, na hawezi kubebwa na punda mpaka Kitui, atakatika pumzi njiani. Gari la misheni lilikuwa limepeleka mwanamke wa kuzaa, lilikuwa linangojwa. Lilirudi Alhamisi. Lilibeba mwili kutuletea nyumbani.

Sasa sikiza. Hapo dispensari kuna mashine ya hewa. Kanisa ililetewa mwaka jana na wageni, kwaya ikaimba, chifu akahutubia. Unaichomeka kwa ukuta, inavuta hewa na kuisafisha, mgonjwa anawekewa mpira kwa pua. Sista ameifunika na kitambaa cha kushona maua ndio isiingie vumbi. Mashine ni nzima. Jenereta ndiyo imekufa tangu Pasaka.

Sista alitoa kitambaa. Akamwekea Nzilani mpira kwa pua. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Alijua haina stima, mimi nilijua haina stima, na Nzilani alijua. Alibonyeza tu kwa sababu hakuwa na kitu ingine ya kufanya na mikono yake.

Na dirisha ya hiyo chumba, Evanson, ukiketi kitandani unaona nini? Unaona mnara. Unaona waya. Ile laini kubwa ya stima kutoka mto Tana, inapita juu ya uwanja wa dispensari, huwezi kurusha jiwe ikose. Inanguruma siku yote. Nyapara wetu, huyu Ng'ang'a, alituambia siku ya kwanza inaenda wapi. Inaenda Mombasa. Haishuki hapa. Hata Tulia haishuki.

Mimi nafanya kazi chini ya hiyo waya. Wewe ulijua nafyeka, hukujua ni hapo. Tunafyeka miti isiguse stima, kutoka mnara huu mpaka ule, na mwaka ukiisha tunarudi kwa ile ya kwanza, imeota tena. Mimi nailinda. Mimi na panga yangu.

Kwa hivyo meli yako inapumzisha kifua. Nimefurahi. Hiyo stima ilipita juu ya bibi yangu akifa ikienda kwa meli.

Umeuliza alisema nini. Alisema maneno yake.

Mutunga


Mombasa
30.7.1988

Kwa shemeji Mutunga,

Pokea salamu zangu. Hapa mvua imekuwa ndogo na jua si kali. Wariara ana mimba ya pili, anasema akizaa msichana tayari ana jina, la dada yangu. Nimemwambia nitakuuliza kwanza.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaichukua tena. Nimekaa mwezi kabla ya kujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha hasira, na wewe ni mkubwa wangu.

Nilienda kwa meneja. Nilimwambia kuna dispensari kwetu, laini inapita juu. Aliniambia hiyo waya kubwa si kama ile ya nyumba, haiwezi kukatwa tawi hapo na kuletwa kwa ukuta, inataka kituo kizima cha kuipunguza nguvu. Hilo ni kweli shemeji, hata mimi nilifundishwa. Nikamuuliza, sasa hicho kituo hakiwezi kujengwa? Akacheka. Si kicheko kibaya. Alicheka kama mtu ameulizwa kama mvua inaweza kunyesha kuelekea juu.

Nilirudi kwa gati nikachomeka meli. Ningefanya nini?

Lakini usiniambie kwamba hii kazi ni mbaya. Huku nyuma ya ukuta kuna watoto wengi wamelala bila kukohoa. Moshi ni moshi. Ule wa meli na ule wa mawe matatu ya jikoni kwako, uliomkalisha Nzilani akilia macho miaka yote, kuna tofauti gani? Angekuja hapa akaona engine ikizimwa angefurahi. Hata wewe ungemjengea jiko lenye bomba. Tulisema hivyo mwaka ule wa harusi ya Jonah rafiki yako, ukaahidi.

Hujajibu nilichouliza kuhusu maneno yake. Mimi ni ndugu yake.

Evanson


Matinyani
21.8.1988

Evanson,

Salamu kwa Wariara. Jina atumie. Halikuwa langu la kukataza.

Jiko umesema kweli. Sikulijenga. Syombua anapika kwa yale mawe matatu na wiki hii nimemsikia anakohoa. Usiniambie tena, nasikia mwenyewe kila asubuhi.

Meneja wako amecheka. Sawa.

Nimejua kitu moja na nitakuambia. Mwezi wa tatu, kabla Nzilani hajaugua, tulikuwa tunafyeka karibu na Tulia. Sheria ya Ng'ang'a ni kwamba miti ukikata uburute mpaka nje, mbali na waya. Lakini wewe unajua sisi. Mkamba akifyeka shamba anachomea hapo hapo, miiba haibebwi, inachomwa ilale kama majivu na mahindi yapandwe juu. Hivyo ndivyo baba zetu walifanya na hivyo ndivyo mikono inajua. Ng'ang'a alikuwa ameenda kwao Jumamosi. Jonah akawasha rundo chini ya waya. Tulikuwa tunachoma viazi kwa moto. Moshi ikapanda, nyeusi, nene, kwa sababu majani yalikuwa mabichi. Ikafika kwa waya. Basi ikalia kama bunduki. Tulilala chini wote. Tulipoinuka, hiyo kunguruma imenyamaza.

Jumatatu Ng'ang'a alikuja mbio. Akasema moshi ikiwa nene inafanya stima iruke kutoka waya mpaka chini, halafu inajizima huko kote. Akasema Mombasa ilikuwa giza. Akasema mtu akichoma tena atafungwa.

Kwa hivyo moshi inaua stima. Mimi sikujua. Sasa najua.

Mwezi wa kumi tutakuwa tumefika kwa dispensari. Ni zamu yake. Hiyo Jumamosi ya kwanza Ng'ang'a anaenda kwao, mtoto wake anabatizwa. Tumekata miti mingi sana. Watu wote wa genge wako na mimi, hakuna mmoja hapo hajazika mtu kutoka hiyo nyumba ya Sista Muthoki. Hatuburuti. Tutaweka yote mahali moja, chini ya dirisha lake.

Wacha meli iwashe engine yake. Wacha huyo meneja atoke nje aulize nini imeharibika. Labda akikaa giza siku moja atauliza ni wapi, na wamwambie Matinyani, na ajue iko.

Usinijibu na Biblia.

Mutunga


Mombasa
10.9.1988

Mutunga,

Salamu sitaandika nyingi. Nimepata barua yako leo na najibu leo. Nitampa mtu wa basi aiache kwa lile duka la Tulia mnapochukulia barua. Omba Mungu asiisahau kwa kabati.

Usichome.

Sikwambii na Biblia. Nakuambia kazi. Sikuwa nimekueleza yote kwa sababu nilidhani ni mambo ya huku.

Meli ikiwa imezima engine, hakuna kitu ndani yake kinachojifanya chenyewe. Kila kitu ni waya yetu. Na kuna watu ndani. Si watu wa meli. Ni sisi. Tunaingia kwa tanki za chini kabisa kugonga kutu na kuchomelea. Ni shimo la chuma, unashuka kwa ngazi mpaka huoni mbingu. Hakuna hewa huko. Hewa ya huko imeliwa na kutu. Tunawekewa feni juu na bomba refu la turubai linashuka mpaka pale ulipo, na unapumua kutoka kwa hilo bomba. Feni ni ya stima. Stima ikipotea, bomba linalala kama utumbo, taa inazima, na wewe uko chini gizani na ngazi huijui iko wapi.

Mwezi wa tatu ilipotea. Jumamosi. Hatukujua kwa nini. Walikuwa wawili chini. Mmoja alipanda. Mwingine, kijana wa Kilungu, anaitwa Musyoka wa Nthenya, tulimtoa na kamba. Alikuwa amelala. Alikaa hospitali akitapika na hadi leo anasahau majina. Mama yake huuza maparachichi pale junction ya barabara kubwa, unamfahamu.

Sasa sikiza. Nimetolewa kwa waya. Kuna kijana wa meneja amefundishwa, anaichomeka yeye. Mimi nimewekwa tanki kutoka mwisho wa mwezi huu. Kuna meli kubwa itakuja, tuko chini kila siku, hata Jumamosi.

Sikuwekwa huko bure. Ni kwa sababu ya kuuliza uliza meneja habari ya dispensari. Lakini hiyo si deni lako.

Mama yangu alizaa watoto wawili.

Siku ya telegramu begi langu lilikuwa limefungwa. Lilikuwa mlangoni, halafu meli ikafunga kamba. Hapo nitaachia.

Niambie alichosema.

Evanson


Matinyani
2.10.1988

Evanson,

Salamu kwako na kwa Wariara na hilo tumbo lake. Sisi tuko. Mvua haijaanza lakini mawingu yanakaa upande wa Kilungu. Syombua ameshika nambari tano darasani.

Barua yako ilikaa kwa duka. Huyo mwenye duka aliiweka chini ya unga akingoja siku ya soko. Nimeipata juzi, Ijumaa jioni. Nimesoma nikiwa nimesimama hapo barabarani.

Jana ilikuwa ile Jumamosi.

Nilifika asubuhi, nikakuta wenzangu washafika wote. Rundo ilikuwa inapita kichwa. Ni mikuyu michanga, mikwakwa, miiba, mingi mibichi, tulikuwa tumeipanga wiki nzima tukimwambia Ng'ang'a tutaburuta Jumamosi, ya kukauka chini, ya kuwasha, ya majani juu, ya kutoa moshi. Tuliipanga vizuri. Sijawahi kufanya kazi ya kampuni vizuri hivyo. Waya ilikuwa hapo juu inanguruma. Sista Muthoki alikuwa amesimama kwa dirisha. Alikuwa anajua. Hakukataza.

Jonah alikuwa na kiberiti. Nikamwambia weka. Akauliza kwa nini, Ng'ang'a amerudi? Nikasema hapana. Nikapanda juu ya rundo nikaanza kutupa matawi chini.

Walicheka kwanza. Walidhani napanga upya. Halafu wakaona naburuta, naenda mpaka nje ya nguzo, narudi. Jonah akasema kwa sauti, wote wasikie, "Mutunga, meli imekuoa?"

Nikamwambia, "Shemeji yangu yuko chini ya meli. Hewa yake inatoka kwa hii waya."

Akasema, na ya bibi yako ilitoka wapi? Nilishika panga. Ningemkata, Evanson, nakuambia kweli. Mkono ulikuwa umeshainuka. Alikuwa amesema kitu yangu, ile kitu nimebeba tangu mwezi wa tano, akaisema na mdomo yake, na hakukosea. Nikaweka panga chini kwa sababu hakukosea.

Wengine walienda nyumbani. Walitema mate wakipita. Mmoja alisema mimi ni mbwa wa stima. Wawili walibaki. Jonah alienda mpaka kwa barabara, akasimama, akarudi. Alishika tawi upande wa pili. Tukaburuta mpaka jua ikaingia.

Huyo kijana Musyoka wa Nthenya. Hiyo ya mwezi wa tatu ilikuwa rundo yetu. Viazi vyetu. Nikienda Kilungu nitapita kwa mama yake. Sijui nitasema nini.

Nataka ujue sijatulia. Sikuacha kuchoma kwa sababu nimesamehe mtu. Mashine bado iko na kitambaa chake cha maua. Jenereta bado. Sista amefua kitambaa, ameirudisha. Mwezi uliopita mtoto wa Syokau, yule jirani wetu, alifia kwa kitanda kile kile, akiangalia mnara ule ule. Meneja wako bado ana taa. Mtu akiniuliza nani alishinda, nitamwambia ni wao. Walijua wataweka watu chini kwa tanki huko, na watu chini ya waya huku, na sisi ndio tutachungana wenyewe tusiuane. Hiyo ndiyo inanikata.

Begi ilikuwa mlangoni. Nimesoma. Sitauliza tena. Usifikiri imeisha.

Jiko nimejenga. Nimeanza Jumapili iliyopita na nimemaliza leo baada ya kanisa. Ni ya udongo, nimeweka bomba ya mabati inatoka nje kwa ukuta. Si nzuri, imepinda. Lakini moshi inatoka. Syombua amepika muthokoi leo na macho yake ni meupe.

Sasa nitakuambia kitu ulikuwa unauliza. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uikose. Nilitaka uishi bila hiyo kama mimi naishi.

Ile Jumatano, Sista akiwa ameenda nje kuangalia barabara, Nzilani alikuwa anasikiliza. Halafu akanishika shati. Akauliza, "Hiyo ni nyuki?" Nikamwambia hapana, ni waya. Ni stima inaenda Mombasa. Akangoja mpaka akapata pumzi. Akasema, "Huko kwa Evanson?" Nikasema ndiyo. Akaangalia dirisha. Akasema, "Msalimie." Hakusema ingine.

Basi amekusalimu. Imekuchelewa miezi mitano. Iliyochelewesha ni mimi.

Ukiwa huko chini na hiyo bomba inapuliza, ujue stima yake imepita hapa kwanza.

Desemba ukija uanzie kwa mama yako. Halafu uje kwa kaburi, Syombua atakuonyesha, tumezungushia miiba ng'ombe asikanyage. Mimi unaweza kunikosa, Ng'ang'a anataka tufike Tulia kabla ya mvua kubwa.

Mikono imejaa miiba, kalamu inateleza. Jonah amepita hapa sasa hivi kuuliza panga yangu inolewe na yake. Nimempa. Kesho narudi kazini.

Mutunga